Madaktari Watatu, Jicho Moja

Chanika, Handeni
11 Februari 2024

Mwanangu Sabiri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima wa afya, namshukuru Mungu, na ninaamini nawe u mzima huko Korogwe unakojipikia ugali wa mtu mmoja. Huku vuli ilitudanganya, mahindi yamekauka yakiwa magotini. Kuku mwekundu ameangua vifaranga tisa, mwewe amekwishachukua wawili. Mpangaji wangu wa chumba cha uani, mwalimu Loveness, anakusalimu ingawa hajawahi kukuona. Ananiuliza kama kweli nina mtoto Korogwe au najisemea tu.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia badala ya kupiga simu. Nikikupigia unasema "haya shangazi, niko kazini" na mimi nabaki nimeshika simu sikioni. Karatasi huwezi kuikata. Barua hii anakuletea Kudra, huwa anakuja hapo sokoni na maharage yake kila Alhamisi. Ukitaka kunijibu mpe yeye. Naandika kwa ile kalamu nene ya kuandikia maboksi, nyuma ya kalenda ya mwaka jana, kwa kuwa naona pembeni tu. Katikati ni moshi mtupu. Usinicheke herufi zilivyo kubwa, mimi ndiye niliyekufundisha kuandika.

Sasa niseme lililonileta. Kambi ya macho ilikuja hapa mjini mwezi uliopita nikaenda. Majirani wote wameshanipa ugonjwa, wanasema nina mtoto wa jicho. Nimechoka kuwaambia kwamba ni chamba, kioo chenyewe cha mbele ndicho chenye kovu. Jicho la kushoto hawakuhangaika nalo, lile lilikwenda na surua nikiwa na miaka minne. Wakabaki na hili la kulia, na madaktari watatu wakalikalia kikao mbele ya uso wangu kama mimi ni mbuzi mnadani.

Daktari Enock anasema kioo kimeharibika, king'olewe chote kiwekwe cha mtu aliyefariki, kishonwe mishono kumi na sita. Daktari Janeth anasema hapana, kovu liko juu. Anataka amenye tabaka za juu tu aweke mpya, ile ngozi ya ndani kabisa aniachie ya kwangu mwenyewe. Wa tatu ni mzee kidogo, daktari Fransisko. Yeye hataki kupandikiza kitu. Anasema karibu na pua pana sehemu ya kioo iliyo safi bado, basi anitobolee nafasi ndogo kwenye ile duara ya rangi ya jicho, mwanga uingilie hapo, na kovu tuliache lilivyo. Wale wawili walimtazama kama mtu aliyekuja na baiskeli kwenye mashindano ya magari.

Daktari Janeth aliniuliza nilitia dawa gani nilipochomwa na jani la mahindi. Nikamwambia maji ya chumvi. Akaniuliza mara tatu, nikamjibu mara tatu maji ya chumvi.

Wewe ni muuguzi wa macho, na nimekulea tangu una miaka mitatu. Niambie nichague ipi. Mimi mwenyewe naelekea kwenye kupandikizwa.

Ni mimi shangazi yako,
Zamda


Korogwe
3 Machi 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Wa alaykum salaam. Nisamehe kwa kuchelewa, Kudra amepita hapa mara mbili akinikuta sina barua. Kazi ni nyingi, wauguzi wawili wamehamishwa na mimi nimebaki na foleni yote. Afya yangu ni nzuri. Nimefurahi kusikia habari za kuku. Mwambie mwalimu Loveness nipo.

Daktari Janeth huja kwenye kituo chetu mara moja kwa mwezi. Nilimuuliza kwenye korido kuhusu hizi njia tatu, bila kumwambia kwamba mgonjwa ni wa kwangu. Na daktari Enock nilimpigia simu. Nakuandikia walivyosema.

Ya daktari Enock, ya kubadilisha kioo chote, ndiyo aliyoifanya mara nyingi zaidi. Anasema mgonjwa huona safi kwa kuwa hakuna mahali tabaka mbili zimegandamana. Lakini mwili unaweza kukikataa kioo cha mgeni, hata baada ya miaka mitano. Jicho nalo hubaki dhaifu, kiwiko cha mtu kikikupiga sokoni linaweza kufunguka pale liliposhonwa. Mishono inakaa mwaka na zaidi.

Ya daktari Janeth haifungui jicho, linabaki limefungwa kwa ndani, na mwili haukatai sana kwa sababu ile ngozi inayochukiana na wageni inabaki ya kwako. Ila ni kazi ngumu ya masaa. Ngozi hiyo ni nyembamba kuliko ile ya ndani ya yai. Alinieleza mwenyewe kwamba katika kila kumi anazofanya, mbili humchanikia katikati ya kazi, ikambidi ahamie njia ya Enock akiwa tayari ameshika kisu. Enock anasema sababu hiyo ndiyo inamfanya asianze safari asiyojua kama ataimaliza. Janeth akisikia hivyo hukunja uso.

Ya mzee Fransisko vijana wanaicheka, wanaiita ya enzi za ukoloni. Utaona kwa upenyo tu, si jicho zima.

Zote mbili za kupandikiza zinataka dawa ya matone. Wiki za kwanza karibu kila saa, kisha mara nne kwa siku, kisha kidogo kidogo hadi miaka miwili. Na awepo mtu wa kukutia na kulitazama jicho kila siku, likiwa jekundu mnakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa hiyo watakuuliza unaishi na nani.

Ningekuwa wewe nisingeharakisha. Ramadhani inakuja, funga kwa amani.

Mwanao,
Sabiri


Chanika, Handeni
8 Machi 2024

Mwanangu Sabiri,

Marahaba. Hali yangu ni nzuri, sukari imepanda bei na tende hazionekani, lakini mwezi ukiandama tutafunga hivyo hivyo. Vifaranga wamebaki watano.

Barua yako nimesomewa na mwalimu Loveness. Aliisoma kwa sauti ya darasa la nne, hata jirani wa ng'ambo ya uzio sasa anajua habari za ngozi ya yai. Umenijibu kila kitu isipokuwa kimoja, na hicho kimoja sikirudii kwa kuwa nina msomaji.

Nimekwenda kumuuliza ustadhi Abdulaziz kama inafaa kuvaa kioo cha marehemu. Akasema ataniangalizia. Hajarudi na jibu, nadhani ananiogopa tangu nilipomfundisha hesabu. Mimi nimekwishaamua. Iwe ya Enock au ya Janeth, vyovyote watakavyokubaliana wenyewe, lakini ya mzee Fransisko siitaki. Nimemwambia mwalimu Loveness, naye akaniuliza kwa nini nachagua njia ndefu wakati fupi ipo.

Wameniuliza ninaishi na nani, nimeshawajibu kwenye fomu. Usihangaike na hilo.

Idd utakuja? Ni mwendo wa saa moja na nusu, lami tupu. Sikulaumu, nauliza tu.

Shangazi yako,
Zamda


Korogwe
21 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Idd njema iliyochelewa. Siku ya sikukuu nilikuwa zamu. Najua utasema kituo cha macho hakifunguliwi siku ya Idd. Basi sikuwa zamu. Nilikuwa chumbani kwangu, nilinunua pilau hotelini nikaila kwenye mfuko.

Masika imekolea, barabara ya kwenda Ngombezi ni tope na manamba wa mkonge wanakuja kliniki na macho yaliyorukiwa na maji ya katani. Nakutajia haya kwa kuwa sijui nianzie wapi.

Fomu yako imeletwa kituoni kwetu. Kwenye nafasi ya mtu atakayekuhudumia umeandika jina langu, na mbele yake umeandika: mwanangu, tunaishi nyumba moja. Shangazi, sijakanyaga Handeni mwaka mmoja na miezi miwili.

Daktari Janeth aliniita ofisini akiwa ameishika. Aliuliza kwa nini siku ile kwenye korido sikumwambia kwamba ni shangazi yangu. Kisha akaniuliza lile alilokuuliza wewe mara tatu. Nikamjibu kama ulivyomjibu wewe.

Akasema kama ni jani la mahindi na maji ya chumvi tu, basi kidonda hakikwenda ndani, na yeye ndiye mwenye haki, si Enock. Kwa hiyo utafanyiwa ya tabaka za juu mwezi wa sita. Kioo kimekwishaagizwa, kitakuja kwa ndege kikiwa kwenye barafu. Enock amekubali, ingawa amesema kovu hilo ni kubwa mno kwa ajali ndogo vile.

Nifikirie katika dua zako.

Sabiri


Chanika, Handeni
28 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimepata barua yako na mwezi wa sita nimeusikia, nimefurahi sana.

Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina. Ulitaka niandike nani, kuku?

Idd nilipika pilau ya kilo mbili kwa mazoea. Nikawapelekea majirani, wakanirudishia sahani na shukrani, nikakaa. Mkono wangu wa kushoto umeungua kidogo, birika lilikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Mwalimu Loveness analifanya jambo kubwa lakini malengelenge yameshakauka. Amepata uhamisho, ataondoka shule zikifunga mwezi wa kumi na mbili.

Nyumba imekuwa na sauti nyingi tangu nisione vizuri. Nasikia bati likijinyoosha jua linapotoka. Nasikia panya wakiamua mambo yao. Wakati mwingine nazungumza nao kwa Kizigua ili nisisahau.

Usiogope juu ya operesheni. Daktari Janeth ana mikono mizuri, nilimshika.

Zamda


Korogwe
19 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika kwa kalamu nene, mistari sita kila ukurasa, karatasi kumi na saba, ili usome mwenyewe. Mwalimu Loveness mwambie ni salamu tu.

Mwaka juzi, jani la mahindi lilipokuchoma ukipalilia, uliniambia jicho ni jekundu na linawasha. Nilikuja mwisho wa mwezi na chupa ya dawa. Niliitoa kabatini kituoni, sikumuuliza daktari. Nilijua inatoa wekundu kwa siku mbili, nimeiona ikifanya hivyo kwa mamia ya watu. Nilitaka unione nimekuwa mtu wa maana. Kila mwisho wa mwezi ukaniambia bado linawasha, nami nikaleta nyingine. Nilileta chupa saba.

Dawa ile inatoa wekundu, lakini jani la shambani huacha fangasi kwenye kidonda, na dawa ile huwalisha. Kidonda kilikuwa kinakula kioo chako kimya kimya huku jicho likionekana jeupe, zuri. Na ikitumika miezi mingi inapandisha presha ya jicho, na presha inaua mshipa wa kuonea.

Nilijua haya Februari ya mwaka jana, kwenye mafunzo. Mwalimu aliweka picha ukutani nikaliona jicho lako. Tangu siku hiyo sijaja Handeni. Kazi haikunizuia. Sikuwa na uso wa kukutazama, na nilijua utaniuliza kama nimekula.

Ulimwambia daktari maji ya chumvi ili nisifukuzwe. Ulinificha, nami nikakubali kufichwa.

Ijumaa nimemweleza daktari Janeth kila kitu. Kilichonitoa ni hiki: baada ya kupandikiza, dawa ya kutia mara nne kwa siku kwa mwaka mzima ni ndugu wa dawa ile ile. Angekutia akiamini jicho lako halijawahi kuionja. Ungepata kioo kipya na jicho lingekufa nyuma yake, na mimi ningekuwa nimeliua mara mbili.

Hakunipigia kelele. Alisema, "Ungesema mwezi wa pili, Sabiri." Kisha akaandika barua. Nimesimamishwa kazi.

Operesheni imeahirishwa, watakupima upya kwa mashine nyingine. Tafadhali nenda. Kama hutaki kunijibu nitaelewa.

Sabiri


Chanika, Handeni
7 Julai 2024

Sabiri,

Wa alaykum salaam, ingawa hukutoa salamu hiyo.

Barua yako niliisoma siku mbili, ukurasa kwa ukurasa, nikiigeuza kuelekea pua ambako bado naona. Nimekaa nayo wiki saba. Idd kubwa imepita nikiwa nayo chini ya mto.

Nimekasirika. Nataka ujue hivyo kabla ya mengine. Jicho lilikuwa moja, Sabiri. Nililitumia kukutafuta kwenye mistari ya shule, kukuchagulia mawe kwenye mchele, kushona kaptula zako. Sikukasirishwa na chupa, kila mtu ana siku anayotaka kuonekana wa maana. Nimekasirishwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Ulijua mimi naingia gizani, ukaniacha niingie peke yangu, eti huna uso. Uso wako ningeuonaje?

Sasa ya madaktari. Mwalimu Loveness alinipeleka wakanipima. Presha iko juu, na mshipa umeumia karibu nusu. Wakakaa kikao tena wote watatu, safari hii kwa sauti ya chini, nikajua mambo ni mazito.

Daktari Enock alisema maadamu fangasi walikuwamo, ngozi ya ndani haiaminiki, kwa hiyo mwenzake angekosea. Daktari Janeth akakubali, akasema hata yeye Enock angekosea, kwa sababu kioo chote kinataka dawa nyingi zaidi na jicho hili haliziwezi. Walivyokuwa wakibishana mwezi wa kwanza, nilidhani mmoja atashinda. Wameshindwa wote kwa pamoja, wakawa wapole.

Mzee Fransisko akauliza kama kile kioo kilichoagizwa kimepata mtu mwingine. Wakamwambia kimepewa kijana wa Lushoto. Akasema vizuri. Kisha akanigeukia akasema, "Mama, nitakutobolea upenyo. Hautakuwa mkubwa, lakini utaniona nikikusalimia."

Nimekubali, maana hakuna nyingine ya kuchagua. Ni mwezi wa nane.

Umeniambia nikitaka nisikujibu. Nimekujibu.

Zamda


Segera
21 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifuata huku. Rafiki yangu Isihaka amenipa nafasi kwenye kibanda chake hapa njia panda, nauza maji na matunda kwa abiria wa mabasi ya Arusha na Dar es Salaam. Watu elfu wananipita kwa siku na hakuna anayeniuliza jina. Usiku nalala kwenye chumba cha Isihaka, yeye yuko kwa mkewe.

Una haki ya kukasirika na sitajitetea.

Lakini habari ya daktari Fransisko imenifurahisha mno, na nakueleza kwa nini ili nawe ufurahi. Operesheni yake ni ya dakika ishirini. Hakuna kitu cha mgeni cha kukataliwa. Hakuna mishono ya mwaka mzima, hakuna kuamka kila saa, hakuna mtu wa kulichunguza jicho asubuhi na jioni. Utakuwa na tone moja tu la presha kila jioni, nalo unajitilia mwenyewe ukilala chali. Wiki mbili umepona. Shangazi, hii haihitaji mtu! Nilikuwa silali nikifikiria jina langu kwenye ile fomu. Sasa hata kama mimi sifai, utaona bila kumtegemea yeyote.

Nimeandika tena kwa kalamu nene. Isihaka ananiuliza kama naandika mabango.

Nitaomba dua siku hiyo.

Mwanao, kama bado,
Sabiri


Chanika, Handeni
22 Septemba 2024

Mwanangu Sabiri,

Assalaam alaykum. Ni mzima. Muhogo umestawi, machungwa yameanza kuiva upande wa barabarani. Vifaranga waliobaki wamekuwa majogoo matatu, na yote yanawika kwa wakati mmoja, kila moja likidhani ni la kwanza.

Operesheni imefanyika, mwezi umepita. Mzee Fransisko hakudanganya kwa kuahidi makubwa. Naona upenyo kama mlango uliorudishiwa. Ili nikuone usoni ni lazima nigeuze kichwa pembeni kama kuku anayetazama punje. Nimeona sahani zangu zilivyo chafu miaka miwili hii. Nimeona mkono wangu ulioungua, kumbe ni kovu kubwa. Nimemwona mwalimu Loveness, ni msichana mdogo kabisa, nami nilikuwa namwita mwenzangu. Nasoma barua zako mwenyewe, na hii naiandika kwa kalamu ya kawaida.

Siku ya kufunguliwa kitambaa walikuwapo wote watatu. Daktari Enock alipima, akasema hakutegemea. Daktari Janeth alinishika bega akaniambia kwa furaha maneno uliyoniandikia wewe: "Mama, hii haihitaji mtu." Wauguzi wakapiga makofi. Nikasema ahsante. Kila mtu alikuwa amefurahi, hivyo sikutaka kuwaharibia.

Nikarudi nyumbani nikajitilia tone langu nikiwa nimelala chali, nikalia, na nusu ya dawa ikatoka na machozi.

Mwalimu Loveness alishangaa, na labda wewe pia, kwa nini niliing'ang'ania ile ya kupandikiza. Sikuichagua kwa ajili ya kuona. Mwezi wa tatu uliniandikia kwamba inataka mtu mara nne kwa siku, miaka miwili. Niliposomewa sentensi hiyo nilimwambia Loveness airudie. Baada ya hapo hata wangesema kioo hicho ni cha fisi ningekubali. Daktari angekuandikia ruhusa, kazini wasingekukatalia, na wewe usingeweza kusema uko zamu. Niliandika jina lako kwenye fomu nikiwa na furaha kama bibi harusi. Hiyo ndiyo operesheni niliyoitaka, mishono yote kumi na sita.

Na kuna jingine, ambalo nilikuwa na wiki saba za kulisema nikalikalia. Umebeba chupa saba peke yako na si haki. Chupa ya kwanza jicho liliwasha kweli. Ya pili liliwasha kidogo. Ya tatu nilikuwa sisikii chochote, Sabiri. Lilikuwa jeupe, haliumi, nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Ulipiga simu ukauliza, "Bado linawasha, shangazi?" Nikajua nikisema limepona hutakuja mwisho wa mwezi, kwa sababu ulikuwa huji bila sababu. Nikasema bado. Nikasema bado mara tano. Kila mara ulikuja na chupa, ukala, ukalala, ukaondoka asubuhi, na mimi nikatia dawa nisiyoihitaji kwa kuwa niliona aibu kuidanganyia kisha kuimwaga.

Kwa hiyo usiniambie uliliua jicho langu. Tulikuwa wawili.

Mwalimu Loveness ataondoka mwezi wa kumi na mbili na sijatafuta mpangaji mwingine. Chumba cha uani kina dirisha linaloangalia mashariki, na choo nimekitengeneza. Sina ugonjwa wowote sasa hivi. Hakuna kinachowasha. Tone la jioni najitilia vizuri na madaktari wote watatu wamekubaliana, kwa mara ya kwanza, kwamba simhitaji mtu.

Nakuomba uje hivyo hivyo.

Shangazi yako,
Zamda